Kiti cha Munganga wa Meno na Mteremko wa Kibati

Mtu akiuliza katika Goma chukudu ngumu inatengenezwa wapi, watamleta kwangu, mtaa wa Mapendo, hata kama hajataja jina langu. Sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu, nikaanza kuteremsha viazi vya watu kutoka Kibati hadi mjini, miguu mitupu juu ya mawe ya volkano. Leo nina atelie yangu ya kutengenezea chukudu, mafundi wanne chini yangu, nyumba yenye madirisha ya vioo, na watoto watano wanaosoma wote. Hakuna aliyenisukuma. Mimi ndiye niliyesukuma.

Kwa asiyeijua, chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, usukani wake kama pembe za ng'ombe. Unaweka goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unapiga ardhi. Kwenye mteremko unasimama juu yake na kuiacha iende yenyewe. Breki ni kipande cha tairi unachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Breki ikikataa, na umebeba magunia ya viazi, meno yako utayaokota barabarani.

Ndiyo maana kwangu kuna sheria moja ambayo haijavunjwa tangu nifungue: chukudu mpya haiondoki mpaka mimi mwenyewe niipeleke Kibati, niipakie mawe, nishuke nayo mteremko mbele ya mnunuzi. Si fundi wangu. Mimi. Mnunuzi anasimama chini, ananiona nikija, anaona breki ikishika. Baada ya hapo hana swali tena. Mara ngapi nimeshuka mteremko ule, siwezi kuhesabu, na hata sasa nikiwa na tumbo hili bado nashuka. Sijawahi kuruka kuiacha ianguke.

Basi mtu kama huyo alishindwa na jino la mtoto wa miaka minane.

Ni binti yangu wa mwisho. Jumatatu moja mama yake alimwamsha aende shule, akakuta shavu la kushoto limevimba kana kwamba ameficha andazi ndani. Alipomwambia afungue mdomo, mtoto aliubana, akaongeza na mikono miwili juu yake. Tulipowabana dada zake, wakasema walichokuwa wanakijua: wiki mbili sasa anatafuna upande mmoja, na nyama yake anawagawia wao.

"Na nyinyi mukanyamaza?" niliwaka.

"Alituapisha, Papa," mkubwa alijibu akitazama miguu yake. "Alisema ukijua, utachukua pensi."

Mama watoto alinigeukia. Kisha akatazama juu ya mlango.

Pensi yenyewe ni hii. Sebuleni kwangu, juu ya mlango, kuna msumari, na kwenye msumari ilikuwa inaning'inia pensi, koleo la chuma la kung'olea misumari. Kila Jumapili baada ya misa wageni wakija, nilikuwa naishusha. Nawaambia jinsi nilivyokuwa kijana, jino likanishika njiani na mzigo wa viazi, mwenzangu akaniketisha juu ya gunia, akashika jino kwa pensi hii hii, akalivuta. Sikulia. Nilitema damu, nikasukuma viazi hadi mjini, nikavifikisha kabla ya jua kuzama. Halafu nafungua kikopo cha zamani cha mafuta ya mgongo, namwaga jino juu ya meza, wageni wanashika vichwa. Na mtoto anayewamiminia wageni chai, miaka yote hiyo, alikuwa huyu wa mwisho. Mimi nilidhani namfundisha ujasiri. Kila alipopita na birika, alikuwa anaipima ile pensi kwa macho na kuona jinsi ilivyo kubwa kuliko mdomo wake.

Siku ileile tulimpeleka kwenye kliniki ndogo ya meno. Munganga ni mwanamke, bado kijana, anaongea polepole. Nilimchukua pia fundi wangu wa kwanza, mtu wa Masisi mwenye mikono kama makasia, maana nilikuwa na mpango wangu.

"Munganga," nilisema, "wewe fanya kazi. Kumushika, tuachie sisi."

Nikashika mikono, fundi akashika miguu, mama yake akashika kichwa. Mtoto wa kilo ngapi yule? Lakini alipoona kitu cha kung'aa kwenye sinia, alijipindapinda kama kambare. Munganga aliwahi kurudisha mkono wake. Mimi sikuwahi. Meno yake yalikutana ndani ya kidole changu gumba, na alama iko hadi leo.

"Mumuache," munganga alisema.

"Tuko naye hapa! Toa!"

"Papa, nimesema mumuache."

Tukamwachia. Mtoto aliteremka kwenye kiti, akaingia chini ya meza ya munganga, akakaa huko. Munganga hakumvuta. Alivua glavu, akachuchumaa mbali kidogo, akamwambia kwamba leo hakuna kitakachotolewa. Halafu akatuita pembeni.

"Ni jino la utoto, lakini limeoza mpaka ndani, na chini yake kuna usaha. Hata angekubali leo, ganzi haishikake vizuri kwenye usaha. Atakunywa dawa siku tatu, uvimbe upungue, murudi Alhamisi nilitoe."

"Na akikataa tena?"

"Mutoto mukimufunga kamba leo, hatarudi kwa munganga wa meno hata akiwa na miaka makumi ine. Mutafute njia ya kumufanya akubali." Kisha akapunguza sauti. "Lakini mujue hivi. Uvimbe ukishuka kwenye shingo, ao akishindwa kumeza mate, musinisubiri. Mukimbilie hospitali palepale, hata usiku."

Tulirudi nyumbani na dawa, na neno hilo la shingo.

Sijui kama umewahi kuishi na mtu anayepima shingo ya mtoto. Mama watoto alikuwa anaweka vidole chini ya taya yake asubuhi, mchana, jioni, akipita na ndoo, akikoroga uji. Kila alipoondoa mkono, mimi nilikuwa naangalia uso wake kwanza, ndipo napumua. Mtoto alikunywa dawa bila shida. Shida ilikuwa kumwambia habari ya Alhamisi.

Jumanne nilileta mwanasesere mwenye nywele za kuchana, kitu ambacho dada zake hawakuwahi kukiona. Aliniambia asante, akamlaza kitandani, akamfunika mpaka uso. Nikamwambia kwamba mtoto wangu hawezi kuogopa, kwa sababu mimi siogopi. Akageukia ukuta. Nikashusha pensi nikaitupa kwenye sanduku la vyuma, nikamwambia, umeona, imekwenda.

"Munganga iko na ya kwake," alisema kupitia meno yaliyobanwa.

Jumatano uvimbe ulikuwa umepungua juu, lakini chini ya taya palikuwa pagumu kidogo. Mama yake alipapasa mara mbili.

"Iko vilevile," alisema. Halafu, kwangu, pembeni: "Wewe na hadisi yako. Usiku anaota inamufuata."

"Nilikuwa namutia moyo!"

"Ulikuwa unajitia wewe."

Mchana huo mtoto hakutaka kubaki nyumbani. Alikuja atelie, akaketi juu ya mbao za mkaratusi, kitambaa kimefunga taya hadi utosini. Nilikuwa nimetoka Kibati kujaribu chukudu ya mnunuzi mmoja wa upande wa Lac Vert, bado nina vumbi hadi kwenye nyusi. Mnunuzi alikwisha kuondoka nayo akiwa na furaha. Fundi wa kwanza alikuwa anapiga randa.

"Papa," mtoto aliita. "Mbona ni wewe unapandaka wa kwanza?"

"Ili mwenye kununua asiogope, mama yangu."

"Na breki ikikataa?"

"Ni mimi nitaanguka. Hataanguka yeye."

Akafikiri. Niliona shavu lile linawaka, linang'aa kama limepakwa mafuta.

"Basi na kile kiti, ukikalie wewe wa kwanza."

"Kiti gani?"

"Cha munganga. Afungue mudomo yako kwanza, nione."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Bila hivyo sifungui. Hata mulete batu kumi wa kunishika."

Randa ilinyamaza. Fundi alikuwa ananiangalia, na mdomo wake ulikuwa unakaribia kucheka.

"Patroni," alisema, "mutoto amesema sheria ya atelie."

"Endelea na kazi yako!" Kisha nikamwambia mtoto, kwa sauti ya kutosha wote wasikie: "Nitakaa. Kiti ni kitu gani? Mimi?"

Lakini nilipotoka nje kunawa vumbi, nilinawa mikono mara tatu na uso nikausahau. Sasa nitasema ambacho hadi siku ile sikuwa nimemwambia mtu.

Lile jino halikung'oka. Lilivunjika. Mwenzangu alivuta, likasikika kama tawi, nusu ikabaki kwenye pensi na nusu ndani yangu. Sikusukuma viazi kokote. Nililia mpaka watu wakatoka kwenye nyumba zao, na mwenzangu ndiye aliyeiteremsha mjini mizigo yote miwili, wake na wangu. Nililala siku nne kwa mama yangu. Tangu wakati huo nilikuwa natafuna upande wa kulia. Mzizi ulibaki mle ndani, miaka na miaka. Ulikuwa unavimba, unapoa, na mimi nanyamaza. Nimepita mbele ya milango ya waganga wa meno nikibadilisha upande wa barabara. Watu wanajua siogopi mteremko. Mteremko naujua. Mtu mwingine kuingiza chuma kinywani mwangu nikiwa nimelala chali, hicho ndicho sikijui.

Na munganga angeona. Akiangalia tu mara moja, angeona, na mtoto yuko palepale.

Nililala na mawazo mawili. La kwanza: nimwambie munganga mapema asiseme. La pili: nijifanye nina kazi, mama yake ampeleke. Alfajiri mama watoto aliingia na mkono wake bado una joto la mtoto.

"Homa imerudi. Na amekataa uji. Anasema koo inamubana."

Mawazo yote mawili yakaisha. Tulichukua moto mbili, pikipiki za abiria: mama na mtoto mbele, mimi nyuma. Barabara nzima nilikuwa naangalia kile kitambaa cheupe kichwani mwake kikiruka kwenye mashimo, nikimlaani dereva akienda mbio, nikimlaani akienda polepole.

Munganga alimpapasa shingo bila kumlazimisha kufungua mdomo. Akamwambia ameze mate. Mtoto akameza, kwa kukunja uso, lakini akameza.

"Bado tuko na nafasi," munganga alituambia. "Lakini ni leo. Nikishindwa leo asubuhi, munaenda hospitali kutoka hapa."

"Papa anaanza," mtoto alisema.

Munganga alinitazama. Nikavua kofia, nikakaa. Kile kiti kinarudi nyuma chenyewe, hakikuulizi. Taa ikanijia usoni. Niliona dari, niliona pua ya munganga, na sikuona mlango.

"Mama, njoo karibu," alimwambia mtoto. "Ona. Hii ni kioo kidogo, ushike. Baridi, eh? Haina makali. Sasa kuna sheria hapa kwangu: mwenye kulala akiinua mukono, mimi nasimama, siendelei na kazi. Palepale. Hata kama nimebakisha kidogo. Papa, umesikia?"

Nikaitika. Akaingiza kioo. Kilizunguka kulia, kikaja kushoto, kikasimama.

"Hapa kuna muzizi umebaki. Jino lilivunjikaka zamani. Unauma?"

"Hapana."

"Inamuumaka," mtoto alisema. "Anatafunaka upande mumoja siku zote. Kama mimi."

Mama watoto aliangalia dirishani. Miaka yote nilidhani naficha, kumbe yule mwenye birika la chai alikuwa ananiona natafuna.

"Umelegea," munganga alisema. "Naweza kuutoa sasa, ni kazi ya dakika chache. Ao nikuangalie tu, tumupe mutoto nafasi. Ni wewe unaamua."

Nilimtafuta mtoto kwa macho. Alikuwa amekumbatia kile kioo kifuani. Mdomo wake ulikuwa umebanwa kama mlango wa duka siku ya vurugu, na niliona wazi: nikishuka kwenye kiti hiki bila kuguswa, mlango ule haufunguki.

"Toa," nilisema.

Akanionyesha sindano, akamwonyesha na mtoto, akasema itachoma kama siafu. Ilichoma kama siafu kumi. Tukasubiri. Shavu likawa zito, kama la mtu mwingine. Kisha akachukua chuma, na kabla hakijanigusa mkono wangu ulipanda wenyewe. Sikuuamuru. Ulikuwa juu, mkono uliobeba mbao za mji huu.

Munganga alisimamisha kazi. Aliweka chuma kwenye sinia, akaweka mikono yake miwili juu ya magoti.

"Papa, umeumia?" mtoto aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi wenyewe ulikuwa umelala nusu.

"Hapana."

"Mbona umeinua?"

"Niliogopa."

Alisogea hadi nikasikia pumzi yake ya homa sikioni. Lakini hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia mikono ya munganga, pale ilipokuwa imetulia kwenye magoti.

"Amesimama kweli," alisema taratibu. Halafu: "Papa, inua tena."

"Eh?"

"Aanze tena, na wewe uinue tena. Nione kama inashika."

Munganga hakuelewa neno lile, lakini mimi nililielewa, ni neno la atelie yangu. Munganga akachukua chuma, akakigusisha, nikainua, akaweka chini. Mara ya tatu mtoto mwenyewe ndiye aliyeninyanyua mkono, ghafla, bila kuniambia, munganga akiwa katikati. Akasimama vilevile.

"Inashika," mtoto alisema.

Mzizi ulitoka kwa mlio mdogo wa aibu. Nilikuwa nimelowa jasho hadi kwenye soksi. Nilipoinuka, nikiuma pamba, kiti hakikupata muda wa kupoa: mtoto alishapanda, miguu haifiki mwisho, na kile kioo bado mkononi. Alifungua mdomo. Harufu ya usaha ilijaza chumba, na mama yake alishika ukuta.

Aliinua mkono mara ya kwanza kabla ya sindano. Munganga akasimama. Mara ya pili sindano ikiwa karibu. Akasimama. Baada ya sindano ya kwanza machozi yalishuka hadi masikioni, lakini mdomo haukufungwa, na munganga alichoma tena sehemu mbili, kila mara akisema kabla. Walipofika kwenye jino lenyewe mkono ulipanda mara ya tatu, ukakaa juu muda mrefu. Nilihesabu pumzi zangu. Fundi wangu hakuwepo, hakuna aliyemshika. Munganga alisubiri kama mtu aliyeketi mlangoni kwake hana safari.

Mkono ukashuka. Haukupanda tena.

Jino lilikuwa dogo, jeusi upande mmoja. Uchafu uliolifuata sitausimulia. Munganga alisafisha, akampa pamba aiume, akampapasa shingo na kuangalia saa. Alitukalisha pale mpaka homa ikapimwa mara mbili. Ndipo akasema tunaweza kwenda nyumbani, tuendelee na dawa, na tumlete tena kesho amtazame. Kesho yake mtoto ndiye aliyetangulia kuingia.

Jumapili wageni walikuja. Binti yangu alikuwa anamimina chai huku anakula kiazi, akitafuna upande anaotaka. Mmoja wa wageni aliangalia juu ya mlango, akaona msumari mtupu.

"Muzee, pensi iko wapi? Nimeleta shemeji yangu asikie ile hadisi."

Mama watoto alisimama na sahani mkononi. Binti yangu aliweka birika chini, akaenda chumbani, akarudi na kile kikopo cha mafuta ya mgongo. Alimwaga jino langu la zamani juu ya meza, kama ninavyofanya mimi. Kisha akafungua kitambaa alichopewa na munganga, akatoa mzizi. Alivizungusha vipande viwili kwa vidole vyake, akavijaribu huku na huku, mpaka vikaingiana sawasawa.

"Papa," alisema, "sasa hadisia."

Nikavuta kiti, nikawaambia wageni kwamba mzigo wa viazi siku ile uliteremshwa na mwenzangu.